Nani Aliyepiga? Somo la Kusikiliza Albamu Mpya

Albamu mpya ikitoka, mji wa Bujumbura haukosi mahakimu. Kule Buyenzi na Bwiza, ambako Kiswahili husikika nyumbani na sokoni, nyimbo hazijakaa masikioni juma moja na tayari hukumu zimekwisha kutolewa. Mmoja asema, "Safari hii kafanya kazi." Wa pili asema, "Huyo amekwisha, hana jipya." Wa tatu hana neno juu ya nyimbo zenyewe, bali asifu mavazi ya mwimbaji. Jua likitua watu huagana, kila mtu na lake, wala hakuna aliyejifunza kitu kwa mwenzake.

Mazungumzo hayo si mabaya. Kupenda muziki na kuuzungumza ni dalili ya mji ulio hai. Lakini mwanafunzi wa sekondari, ambaye kila siku hufundishwa kutoa sababu katika hesabu na katika historia, yampasa kutoa sababu katika muziki pia. Maoni yasiyo na sababu hayajadiliki. Mtu aweza kuyakubali au kuyakataa tu, na mazungumzo yamekwisha.

Katika somo hili twataka kuonyesha kwamba maoni kamili juu ya albamu hujibu maswali matatu. La kwanza: nimesikia nini? La pili: ni nani aliyeyafanya haya niliyoyasikia? La tatu: naonaje? Watu wengi huanza na la tatu na kuishia hapo hapo. Swali la pili ndilo lisahauliwalo kuliko yote, na Burundi ina sababu kubwa ya kutolisahau, kama tutakavyoona.

1. Albamu ni kitu gani?

Vijana wa leo, ambao hupokea nyimbo katika simu moja moja, huenda wakashangaa kusikia kwamba neno "albamu" lilitokana na kitabu. Santuri za zamani, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilichukua kama dakika 3 tu za muziki kila upande. Kazi ndefu ilihitaji santuri kadhaa, nazo zilitiwa katika mifuko iliyoshonwa pamoja mfano wa kitabu cha kutilia picha. Kitabu hicho ndicho kilichoitwa albamu. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri kubwa iliyozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, yenye kuchukua zaidi ya dakika 20 kila upande. Jina la kitabu halikufa. Lilipewa santuri hiyo moja, baadaye kaseti, kisha sidii, na leo lapewa hata mkusanyo wa nyimbo usioshikika mkononi.

Kwa nini twaeleza haya? Kwa sababu albamu, tangu asili yake, ni mkusanyo uliopangwa. Upo wimbo uliowekwa kwanza na upo uliowekwa mwisho, na yuko mtu aliyekaa akafikiri kwa nini iwe hivyo. Anayesikia wimbo mmoja redioni, kisha akatangaza kwamba albamu nzima haifai, amefanana na mwanafunzi aliyesoma ukurasa mmoja akaandika insha juu ya kitabu kizima.

Tena mfuko wa santuri ulikuwa na faida nyingine. Juu yake yaliandikwa majina: la mtunzi, la mwimbaji, mara nyingine na ya wapigaji wa vyombo, na la kampuni iliyorekodi. Wimbo ukihama leo kutoka simu hadi simu, mara nyingi majina hayo huanguka njiani. Mwenye kupokea hupata sauti, asijue ilitoka wapi.

2. Rekodi za mwaka 1967

Hebu tutazame mfano mmoja mkubwa, ambao yafaa kila mpenda muziki wa Burundi aujue. Mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya ufalme kuondolewa nchini, Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa jadi wa Burundi. Rekodi hizo zilitolewa katika santuri na Ocora, idara ya santuri ya redio ya Ufaransa.

Santuri hiyo ilikuwa na mambo mengi. Ilikuwa na inanga, chombo cha nyuzi kilichochongwa katika ubao, ambacho mpigaji wake hunong'ona maneno huku nyuzi zikibeba sauti ya wimbo. Ilikuwa na akazehe, maamkizi ya wasichana na wanawake, ambayo sauti zake hupokezana upesi hata sikio likashindwa kujua ipi imeishia wapi. Kisha ilikuwa na ingoma.

Juu ya ingoma, Warundi hawahitaji kufundishwa, lakini wasomaji wetu walioko mbali watatuwia radhi tukieleza kidogo. Katika Kirundi neno hilo lina maana ya ngoma na lina maana ya ufalme pia. Ngoma hizo huchongwa katika mti uitwao umuvugangoma. Hupangwa nusu duara, kumi na zaidi, na jumla yake daima haigawanyiki kwa mbili. Katikati hukaa inkiranya, ngoma iongozayo. Zile ziitwazo amashakwe hushika mapigo yasiyokatika, na zile ziitwazo ibishikizo hufuata uongozi wa ile ya katikati. Zamani zililia katika mambo ya mfalme na katika umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama. Mwaka 2014 UNESCO iliitia ngoma hiyo ya kifalme, pamoja na uchezaji wake, katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Sasa tuifuate santuri hiyo ilikokwenda. Mwaka 1971 ilitoka Ulaya santuri iliyoitwa "Burundi Black". Mwanamuziki wa Kifaransa, Michel Bernholc, alizichukua ngoma za Ocora, zikatiwa piano na gitaa juu yake, na kazi hiyo ikauzwa kwa jina la Burundi Steiphenson Black. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, alizitumia ngoma za Burundi katika wimbo "The Jungle Line", uliomo katika albamu yake The Hissing of Summer Lawns. Tangu mwaka 1980 vikundi vya Uingereza kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow vilijenga nyimbo juu ya mapigo yaliyofuata mfano huo, zikapata wapenzi wengi.

Angalieni jambo hili pia: katika santuri yenye inanga, akazehe na ingoma, wageni waliichagua ngoma, wakaacha mnong'ono wa inanga na maamkizi ya wasichana. Kila aliyepokea alichukua kipande cha kile kilichomfikia, na mwishoni watu wa mbali wakadhani kwamba muziki wote wa Burundi ni kishindo. Hiyo ndiyo hasara ya kusikia kipande na kuhukumu kitu kizima.

Basi wafikirieni vijana wa London wa wakati ule, wakikaa na santuri mpya kama ninyi mkaavyo na nyimbo zenu. Aliyejibu swali la tatu tu alisema, "Mapigo haya yanatikisa!" Naye alisema kweli. Aliyejibu na la kwanza aliongeza, "Nasikia ngoma nyingi zikienda pamoja, na moja ikiziongoza." Huyo alikuwa msikilizaji bora zaidi. Lakini ni wangapi waliofika kwenye la pili, wakauliza ni nani aliyepiga?

3. Swali la mwaka 1981

Alikuwapo aliyeuliza. Mnamo Novemba 1981, Robert Palmer, mhakiki wa muziki wa gazeti la The New York Times (siye yule mwimbaji Mwingereza wa jina hilo), aliandika juu ya vikundi hivyo vya Uingereza. Hakuishia kusema kama vinampendeza. Aliyafuata mapigo nyuma mpaka kwenye chanzo chake, akaeleza kwamba Warundi waliopiga katika rekodi ya asili hawakuwa wakipata sehemu ya faida ya "Burundi Black".

Huyu alikuwa mtu wa New York, na kazi yake ilikuwa kama ile mnayoifanya ninyi jioni mtaani, yaani kutoa maoni juu ya santuri mpya. Kwa swali moja tu aliwaweka mbele ya wasomaji watu ambao hapo kwanza hawakuonekana. Fedha hakuweza kuwaletea, maana kalamu ya mhakiki haina uwezo huo. Lakini tangu siku ile msomaji wa gazeti lake hakuweza tena kusema kwamba hakujua. Wahenga walinena, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Aisifuye kazi bila kumtaja aliyeifanya humnyima haki yake, hata kama sifa zenyewe ni tamu.

Tena kutaja peke yake hakutoshi, hapana budi kutaja sawasawa. Joni Mitchell alizitaja ngoma katika maandishi ya albamu yake, na hilo ni jema. Lakini ziliandikwa kuwa ni ngoma za wapiganaji wa Burundi. Wapigaji wa ingoma hawakuwa kikosi cha vita. Walikuwa watunzaji wa ngoma za mfalme, na kazi hiyo ilirithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Jina likikosewa, msikilizaji huona vita mahali palipokuwa na sikukuu ya kupanda.

Mambo yalibadilika kidogo baadaye. Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walisimama wenyewe jukwaani katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Uingereza. Mwaka 1992 kampuni ya Real World ilitoa albamu yao iliyobeba jina lao wenyewe, The Drummers of Burundi. Kuanzia hapo aliyetaka kulinganisha aliweza kuisikia ngoma isiyotiwa piano juu yake.

4. Deni lililoandikwa

Msomaji asije akafikiri kwamba kila anayetumia kazi ya mwingine ni mwizi. Muziki hukopeshana siku zote, na sisi pia twakopa. Tuchukue mfano wa mwimbaji wetu Khadja Nin, aliyezaliwa Burundi mwaka 1959, akaenda kuishi Ubelgiji. Albamu yake Sambolera ya mwaka 1996 ilimfanya ajulikane sana Ulaya, naye aliimba humo kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wa wasikilizaji wake wa huko hawakuielewa.

Katika kazi zake umo wimbo "Sina Mali, Sina Deni". Mtu asiyejua habari zake angeweza kusema, "Khadja ametunga sauti nzuri." Mwingine, aliyeisikia sauti hiyo kwa Stevie Wonder katika wimbo "Free" wa mwaka 1987, angeruka na kusema, "Ameiba!" Wote wawili wangekosea. Sauti ni ya Stevie Wonder, na Khadja Nin aliivika maneno ya Kiswahili. Wala hakuficha, kwa maana jina la wimbo wa asili liliandikwa pamoja na jina la wimbo wake. Deni lililoandikwa wazi si wizi. Hapo msikilizaji mwenye elimu huliacha swali la nani aliyetunga, kwa kuwa limekwisha kujibiwa, akauliza lililo gumu zaidi: je, maneno mapya yameukaa wimbo, au yameubana kama kiatu cha kuazima?

5. Albamu moja, wasikilizaji wawili

Mfano wetu wa mwisho ni Kidum, ambaye jina lake kamili ni Jean-Pierre Nimbona. Alianza muziki tangu utotoni kwa kupiga ngoma, na wakati wa vita, mwaka 1995, alikwenda Kenya. Huko Nairobi alitoa albamu kadhaa, miongoni mwake Yaramenje mwaka 2001 na Haturudi Nyuma mwaka 2010. Majina hayo mawili peke yake ni somo: la kwanza ni la Kirundi, la pili ni la Kiswahili. Wimbo "Haturudi Nyuma" aliuimba pamoja na Juliana Kanyomozi wa Uganda.

Sasa chukueni wasikilizaji wawili. Mmoja yuko Nairobi, hajui neno la Kirundi. Mwingine yuko Kinama, anajua Kirundi na Kiswahili. Wa kwanza atapima nyimbo za Kirundi kwa sauti na kwa mapigo tu, na zile za Kiswahili atazipima kwa maneno pia. Wa pili atasikia mengine, na huenda nyimbo ile ile ikamgusa kwa sababu ya neno moja alilolisikia nyumbani kwao wakati wa vita. Nani amekosea? Hakuna. Kila mmoja amesema kweli kadiri sikio lake lilivyofika. Kosa huanza pale mmoja anapodai kwamba sikio la mwenzake halipo.

Kwa hiyo mtoa maoni mwema husema alikosimama. Husema, "Kirundi sikijui, nahukumu sauti tu." Ama husema, "Mimi ni mpigaji gitaa, kwa hiyo sikio langu hukimbilia gitaa kwanza." Maneno hayo hayapunguzi maoni yake. Humsaidia mwenzake kujua ayapime vipi.

Jambo moja hatuwezi kuliruhusu, nalo ni kupima wimbo kwa kabila la mwimbaji, au kwa mtaa wake, au kwa nchi aliyokimbilia. Burundi imekwisha kuona msiba utokao katika kumhukumu mtu kwa asili yake kabla ya kusikia analosema. Masikio ya mwanafunzi yawe safi kuliko hayo.

6. Namna ya kufanya

Tukusanye sasa tuliyojifunza.

Kwanza, sikiliza albamu yote kwa mpango wake, tena si mara moja. Mara ya kwanza sikio hutafuta kile lililokizoea, na lisipokipata hununa. Mara ya pili ndipo huanza kusikia kilichopo.

Pili, sema ulichosikia kabla ya kusema unachopenda. Ni vyombo gani? Ni lugha gani? Sauti zinapokezana au zinakwenda pamoja? Wimbo upi umekaa mwisho, nao unamwacha msikilizaji katika hali gani? Mtu asiyeipenda albamu hiyo aweza kukubaliana nawe juu ya mambo haya, na hapo mtakuwa na msingi wa kujadiliana.

Tatu, uliza nani. Nani aliyetunga, nani aliyeimba, nani aliyepiga, sauti hii ilitoka wapi kabla ya kufika hapa? Kuuliza si ujinga. Burundi ina sheria ya mwaka 2005 ya kulinda haki za watunzi, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye hata wapenzi wa nyimbo zake hawamjui. Unapomtumia rafiki wimbo, mwandikie na jina la mwenyewe. Hilo halikugharimu kitu, na kwa mwanamuziki laweza kuwa mwanzo wa chakula chake.

Nne, toa hukumu yako kwa ujasiri. Adabu si kusifu kila kitu. Kama nyimbo tano kati ya kumi zafanana, sema hivyo, uzitaje. Mwanamuziki hufaidika kwa lawama yenye sababu kuliko kwa makofi ya upofu. Ila lawama iangukie wimbo, isimwangukie mamaye mwimbaji.

Tano, mwache mwenzako aseme, kisha uyarudie maneno yake kwa namna atakayoikubali kabla ya kuyapinga. Kanuni hii peke yake ingetosha kupunguza nusu ya kelele za jioni.

7. Mazoezi

(a) Chagua albamu moja iliyotoka mwaka huu. Isikilize mara mbili, kisha andika ukurasa mmoja. Katika aya ya kwanza usitumie maneno "nzuri" wala "mbaya".

(b) Tafuta wimbo mmoja ulio katika simu yako ambao humjui mtunzi wake. Uliza nyumbani, uliza mtaani, uliza redioni, mpaka umjue. Andika ulivyompata.

(c) Sikiliza rekodi ya ingoma ya Burundi isiyochanganywa na kitu. Jaribu kuitambua inkiranya. Kisha sikiliza "Burundi Black", ueleze kilichoongezwa na kilichopotea.

(d) Jadilianeni darasani: je, mtu aweza kutoa maoni ya haki juu ya nyimbo zilizoimbwa kwa lugha asiyoijua?

(e) Zoezi hili ni la wanafunzi wetu wa zamani. Ninyi mliocheza muziki wa bendi za Bujumbura katika ujana wenu mwajua majina ambayo hayakuandikwa popote: nani alipiga solo, nani alipiga besi, nani aliitikia nyuma ya mwimbaji. Majina hayo yamo vichwani mwenu tu, na kichwa si mahali pa kudumu. Yaandikeni, kila mmoja walau majina matatu, myalete kwa mhariri wa ukurasa huu. Tungependa mwanafunzi wa miaka ijayo akiuliza, "Nani aliyepiga?", apate wa kumjibu.